Rangi Zilikuwa Sandukuni

Shangazi alifika Jumamosi mchana akitokea Kisesa, bahasha ya kaki ameibana kwapani kama mtu aliyebeba hati ya kiwanja. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi." "Marahaba mama, hamjambo humu?" Hakukaa, hakuomba maji. Aliifungua bahasha pale pale mlangoni, akatoa picha iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari.

Ni picha ya mraba, ya sentimita 9 kwa 9, nyeusi na nyeupe, ukingo wake mweupe umegeuka rangi ya samli. Babu amesimama, koti limempwaya, mkono mmoja ameuweka begani kwa bibi. Bibi amekaa juu ya jiwe, khanga moja ameifunga kiunoni, ya pili ameitanda mabegani. Nyuma yao ni maji ya ziwa. Ukiigeuza picha unakuta maandishi ya penseli: Mwanza, 1972. Babu alikuwa ameuza pamba, kalipwa, akamleta mkewe mjini. Siku hiyo hiyo walinunua doti moja ya khanga na wakapigwa picha. Hayo yote shangazi alinisimulia akiwa bado amesimama.

"Nitengenezee kubwa," akasema, "yenye fremu ya kompyuta. Tatu. Moja yangu, moja ya baba yako mdogo kule Ukerewe, moja ya dada yangu Dar."

Fremu ya kompyuta si ya mbao. Ni yale mapambo unayoyazungushia picha ndani ya programu ya kuhariri picha, kisha unachapa vyote kwa pamoja kwenye karatasi moja. Mwanza zimejaa. Nenda nyumba yoyote iliyokuwa na kipaimara au mahafali, utaiona ukutani: waridi pembeni, njiwa juu, utepe wa dhahabu, mtoto katikati. Nimetengeneza nyingi za namna hiyo kwa ndugu na marafiki, na sijutii, maana watu walizipenda. Lakini hii ya babu na bibi ndiyo iliyonifundisha fremu inafanya kazi gani, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kwanza nitaje chombo. Natumia GIMP. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa umma mwaka 1996, na mpaka leo ni ya bure. Zamani nilitumia nakala ya wizi ya programu nyingine, zile zinazotembea kwenye fleshi, ikaniletea virusi vilivyokula picha za harusi ya watu. Tangu siku ile sirudi huko. Ukitumia Photoshop ya halali au programu nyingine yoyote yenye leya, nitakayoyasema hapa yanafanyika vile vile.

Leya ndiyo roho ya kazi yenyewe. Chukulia vioo kadhaa vimelaliana: cha chini kina picha, cha juu yake kina fremu ambayo katikati imetobolewa, cha juu zaidi kina maandishi. Unagusa kimoja bila kuharibu kingine. Ukihifadhi fremu peke yake ili uitumie tena, ihifadhi kwa PNG, kwa sababu PNG inakumbuka kwamba katikati pako wazi. JPEG haina uwezo huo, sehemu iliyo wazi inaijaza rangi, na siku ukiiweka juu ya picha utafunika nyuso za watu. Na faili la kazi lenyewe, lenye leya zote, libaki katika XCF ya GIMP. Umeme ukikatika saa tatu usiku ndipo utajua kwa nini nasema uhifadhi kila baada ya dakika chache.

Usiku ule ule nilianza. Nilishaipeleka picha kwenye skana, kwa nukta 600 kwa inchi, ikatoka na pikseli, vile vitone vidogo vinavyounda picha, zaidi ya 2,100 kila upande, zinazotosha kabisa. Nikaziba mkunjo uliokatiza kwenye koti la babu, nikatoa vidoa vya vumbi. Kisha nikachukua fremu niliyokuwa nayo tayari, ya dhahabu yenye waridi kwenye kona mbili, nikaitoboa mraba, nikaipachika. Ilikaa sawasawa. Nikamtumia shangazi kwenye simu.

Hakujibu mpaka kesho yake jioni, akapiga. "Mama, ni nzuri. Lakini mama yangu hakuwahi kupanda waridi."

Nikanyamaza. Nikamuuliza angependa nini. Akasema hajui mambo ya kompyuta, ila ile khanga ingeonekana vizuri, ile khanga ilikuwa inawaka. Nikamwambia kwenye picha inaonekana kijivu, nilidhani ni nyeusi na nyeupe. "Nyeusi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Nyekundu ile, na njano. Ninayo. Iko sandukuni."

Khanga, kama mjuavyo, huuzwa doti, vipande viwili. Kipande kimoja cha doti ile kilibebea watoto mpaka kikaisha. Cha pili bibi alimwachia shangazi. Jumapili iliyofuata alikuja nacho kimekunjwa mara nane, kinanuka dawa ya nondo ya dukani na moshi wa kuni kwa mbali. Ukingoni, kwa herufi ndogo zilizofifia, bado panasomeka Mwatex, kile kiwanda cha nguo kilichokuwa hapa hapa Mwanza. Pamba ya Usukuma iliyofumwa Mwanza, ikanunuliwa kwa fedha ya pamba. Nililishika lile pindo, nikajua kwamba fremu ninayo mkononi.

Khanga yenyewe ni fremu. Ina pindo, ule mpaka unaoizunguka pande zote nne. Ina mji, uwanja wa katikati. Na ina jina, maneno yaliyoandikwa sehemu ya chini ya mji. Waliobuni mpangilio huu walishatatua karibu kila kitu ambacho mtengeneza fremu anahangaika nacho: upana wa mpaka, namna kona zinavyokutana, mahali pa maandishi, nafasi ya jicho kupumzika. Nilikuwa napakua waridi za watu wa mbali wakati kila kamba ya kuanikia nguo kuanzia Igoma mpaka Kirumba ina somo.

Mtoto wa shangazi, anayesoma Malimbe, alinipa wazo lingine kwa moyo mzuri kabisa: tuitie picha rangi kwa zile programu za siku hizi zinazokisia zenyewe. Tulijaribu. Ilitoka khanga ya buluu. Nyuso zilipendeza, maji yalipendeza, na khanga ilikuwa ya buluu. Mashine haina kosa, kwenye kijivu hakuna habari ya wekundu. Lakini mtoto atakayezaliwa mwakani kule Ukerewe angeiona ile buluu ukutani na kuiamini maisha yake yote. Nikasema hapana. Picha ibaki nyeusi na nyeupe kama ilivyopigwa, na rangi za kweli zikae pembeni, kwenye pindo, zimetoka kwenye kitambaa chenyewe. Kile ambacho kamera ya mwaka ule ilishindwa kukibeba, fremu ikibebe.

Kupiga picha khanga ni kazi kuliko inavyodhaniwa. Mara ya kwanza niliitandika juu ya jiwe la nyuma ya nyumba, lile tunaloanikia nguo. Nyumba zetu za mlimani zimejibana katikati ya mawe, na jiwe lina joto zuri la kunyoosha kitambaa, ila halikosi vinundu, na kila kinundu kikapinda mistari ya pindo. Mara ya pili niliitandika barazani, kivulini, nikaweka simu karibu. Simu ikiwa karibu hupindisha mistari ya pembeni iwe kama mgongo wa mtumbwi. Halafu ukuta wetu wa baraza umepakwa kijani, na kijani kile kikarukia kwenye sehemu nyeupe za khanga. Mara ya tatu niliipiga pasi, nikailaza juu ya ubao mpana uani, asubuhi kabla jua halijapanda, nikaweka karatasi nyeupe pembeni yake, nikapanda juu ya kiti na kukuza kidogo badala ya kusogea. Karatasi ile ndiyo iliyoniokoa. Kwenye kompyuta nilirekebisha rangi mpaka karatasi ikawa nyeupe kweli, na khanga nayo ikarudi kwenye wekundu wake.

Sikuiongezea mwako. Imefuliwa miaka mingi, imepauka, na mpauko ule ulinifaa: wekundu mkali wa dukani ungezifunika nyuso mbili za kijivu zilizotulia. Niliiacha ilivyo.

Sasa hesabu, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu ndipo fremu nyingi zinapoharibika. Mtu anachukua mapambo ya upana mmoja na kuyavuta yatoshe picha ya upana mwingine. Maua yanakuwa marefu kama mabua, duara zinakuwa mayai. Khanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi kwa upana wa mita moja na kitu, imelala. Mimi nilitaka karatasi ya inchi 8 kwa 10 iliyosimama. Haiwezekani kuivuta. Dawa yake ni kuikata vipande: kona nne zinabaki kama zilivyo, hazivutwi kamwe, na pande nne zinajengwa kwa kurudiarudia ua moja moja.

Kwa nukta 300 kwa inchi, inchi 8 kwa 10 ni pikseli 2,400 kwa 3,000. Kona zangu nilizipa 300 kwa 300. Ukitoa kona mbili, upande wa juu unabakiwa na 1,800, na upande wa kushoto unabakiwa na 2,400. Ua la pindo hili ni korosho, lile umbo lililojikunja mkia ambalo wengi mnalijua. Kwenye picha yangu kila korosho ilikuwa na upana wa pikseli 163. Ukigawa 1,800 kwa 163 unapata korosho 11 na kipande, na kipande hicho ndicho kitakachokuja kukatika vibaya karibu na kona. Kwa hiyo nilipunguza kitambaa chote, kona na korosho pamoja, mpaka korosho ikawa 150 na kona zikafika zile 300 nilizozipangia. Hapo juu zinaingia 12 kamili na pembeni 16 kamili, hakuna iliyokatwa mkia. Tafuta namba inayogawa pande zote mbili bila baki, kisha ufuate hiyo. Ni hesabu ya darasa la tano, nayo inaokoa saa nzima za kuhangaika na kipanya.

Kulikuwa na njia ya mkato: kuchukua korosho moja iliyo nzuri kuliko zote na kuirudia mara 56. Niliifanya. Ikatoka safi, imenyooka, haina uhai. Jicho linatambua upesi kwamba kitu kile kile kimerudiwa. Khanga ya kweli haiko hivyo. Hapa wekundu umevuka mstari kidogo, pale nyeusi imekosa kujaa, kwingine uzi umevutika. Nikarudi kwenye picha zangu, nikachukua korosho tano tofauti nikazichanganya bila mpangilio. Moja ya hizo tano ina tundu dogo lenye ukingo wa kahawia, kama limeungua. Nilitaka kuliziba. Nikaliacha, ila hiyo niliiweka mara moja tu, upande wa chini kushoto, kwa sababu tundu ni moja.

Katikati pakabaki uwanja wa 1,800 kwa 2,400, ndio mji wangu. Picha ya mraba niliipa 1,500. Hapo kushoto na kulia panabaki 150 kila upande, juu nikaacha 200, na chini pakabaki 700. Nafasi ile kubwa ya chini sikuipanga. Imetokana na picha kuwa mraba, na picha ni mraba kwa sababu ya zile kamera za filamu ya 120, ambazo roli moja ilitoa picha 12 tu za namna hiyo. Ila ilikuwa nafasi ya jina. Shangazi alishaniambia kwenye simu, tena kwa ukali kidogo: "Usinikatie jina." Jina la khanga ile ni WEMA HAUOZI. Nililichukua kama lilivyo kwenye kitambaa, herufi zake nene zisizolingana sana, nikaliweka chini ya miguu ya babu. Sikuchapa upya kwa herufi za kompyuta, ingawa ingekuwa rahisi.

Rangi ya mji ilinisumbua siku mbili. Kwenye khanga ni njano, basi nikajaza njano. Mara babu na bibi wakaingia ubuluu, kama watu walioshikwa na baridi. Picha yenyewe haikuwa imebadilika hata pikseli moja. Ni tabia ya jicho: ukizungushia kijivu rangi ya njano, kijivu kinaonekana kuelekea buluu. Nikaiondoa. Nikachukua kile kifaa cha kuchotea rangi, nikachota kwenye ukingo wa picha ya zamani, ile rangi ya samli, nikajaza mji wote. Wakapata joto. Njano ikabaki ndani ya korosho tu, na huko inatosha.

Halafu kivuli. Fremu za mbao zina kina, kwa hiyo mtu akiiga mbao kwenye kompyuta lazima aweke mwanga upande mmoja na giza upande wa pili, na mishipa ya mbao ikimbie kwa urefu wa kila upande hadi ikutane kwenye mkato wa kona, vinginevyo fundi seremala yeyote atakuambia hujawahi kushika msumeno. Mimi nilikuwa na kitambaa, na kitambaa hakina kina. Nilihitaji kivuli chembamba tu, picha ionekane imelazwa juu ya nguo. GIMP usipoigusa hupeleka kivuli kulia na chini. Niliangalia picha yenyewe. Kivuli cha pua ya bibi kinaanguka kushoto. Cha mkono wa babu, kushoto. Jua liliwapiga kutoka kulia.

Nikakaa nikifikiri. Ziwa liko nyuma yao, na kwa hapa mjini, ukiwa umelipa ziwa mgongo, mara nyingi umeipa magharibi mgongo. Basi mpiga picha alitazama magharibi, na mkono wake wa kulia ulikuwa kaskazini. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Jua la mchana linakaa upande wa kaskazini yetu kwa miezi mingi, na linaenda mbali zaidi huko mwezi wa sita na wa saba. Ndio msimu wa kuuza pamba. Shangazi alinisimulia kuhusu pamba bila kutaja mwezi, na pua ya bibi ikanitajia. Nikapeleka kivuli changu kushoto, pikseli 12, na 12 chini, nikakififisha mpaka kikaonekana kwa shida. Hakuna atakayekiona. Lakini jua lililo ndani ya picha na jua lililo kwenye fremu yake sasa ni moja.

Kuchapa kulikuwa na msiba wake mdogo. Steshenari ya kwanza, mjini, walichapa kwenye karatasi ya inchi 8 kwa 10 bila ukingo, na mashine za namna hiyo hukuza picha kidogo na kula milimita kadhaa za pembeni ili pasibaki weupe. Kwa picha ya kawaida huoni kitu. Kwa pindo, upande mmoja ulikuwa mwembamba kuliko mwingine, na fremu yote ikaonekana imeinama. Kijana wa pale hakuelewa ninalalamikia nini, nami sikumlaumu. Ilibidi nieleze mapema. Nilihamia kwa mwingine, nikaiweka kazi katikati ya karatasi ya A4, yenye upana wa pikseli 2,480 kwa nukta zile zile, hivyo panabaki 40 kila upande, zaidi kidogo ya milimita 3. Nikamwomba achape kwa asilimia 100, asiruhusu mashine ikuze wala ipunguze. Kisha nikakata mwenyewe kwa rula ya chuma na wembe wa karatasi, mezani kwangu, pumzi nimeishika.

Nilizipeleka Kisesa nimezilaza katikati ya vipande viwili vya boksi, mapajani kwenye daladala. Shangazi alikuwa anachambua mboga. Alinawa mikono, akafuta kwa gauni, akaichukua ya kwanza kwa ncha za vidole. Akasoma jina kwa sauti. Akapitisha kidole kwenye pindo, korosho moja moja, kama mtu anayehesabu mifugo inayorudi zizini. Juu, kulia, chini. Upande wa chini kushoto kidole kikasimama.

"Hapa nilichoma mimi," akasema. "Kwa pasi ya mkaa. Nilikuwa darasa la tatu." Akakaza macho. "Alinichapa siku hiyo, mama yangu. Alinichapa halafu akaivaa hivyo hivyo kwenda kanisani."

Hakuiweka chini. Aliwaita wajukuu waje wanawe mikono kwanza, kisha waangalie. Wakauliza khanga hii iko wapi, akamtuma mkubwa wao akalete sanduku la bati chini ya kitanda. Wakaitandika kitandani, wakaweka picha juu yake, wakaanza kutafuta tundu kwenye kitambaa na tundu kwenye karatasi, wakibishana lipi kubwa.

Nilipoaga, shangazi alinisindikiza mpaka barabarani. "Umechapa ngapi?"

"Tatu, shangazi. Kama ulivyosema."

"Na kwako utatundika nini?"

Daladala ya mjini ilikuwa inakuja. Nilishukia Makoroboi. Steshenari ilikuwa bado wazi, na fleshi nilikuwa nayo mkobani.